Yunifomu Moja, Vyungu Vitatu

Kabla sijaingia kwenye shimo la udongo mara ya kwanza, nilimuuliza dada yangu swali moja tu.

"Utanivuta?"

"Nisipokuvuta nani ataosha sufuria?" akasema. "Ingia, jua linapanda."

Nikaingia. Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika popote. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, watu wetu wakingoja kuona huo Uhuru utafika Ishiara lini. Shimo letu halikuchimbwa kwenda chini kama kisima. Lilichimbwa kwa ubavu, chini ya ukingo wa korongo, kama tundu la fisi, kwa sababu udongo mzuri wa vyungu, ule mweusi unaonata kama ugali wa mtama, umelala huko ndani kama mshipa katikati ya mawe. Mtu mzima hapitishi mabega. Kwa hivyo mdogo analala kifudifudi, anatambaa na kijembe kifupi na karai, na mkubwa anabaki nje amemshika vifundo vya miguu. Ukingo ukianza kumwaga mchanga, mkubwa anavuta. Kazi ni hiyo. Hakuna kamba wala kofia ya chuma. Ni mikono ya dada yako, na nia yake.

Nasema nia yake kwa sababu ya hadithi ya Cucu.

Cucu ni nyanya yangu, aliyemzaa baba. Baba alikuwa kazini mbali, mama alikuwa shambani tangu alfajiri, kwa hivyo pale nyumbani mwenye neno alikuwa Cucu. Alikuwa mfinyanzi, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Kwetu Mbeere kazi ya udongo ni ya wanawake, na siku ya kuchoma vyungu mwanamume hasogei. Hata jogoo Cucu alimfukuza. Hadithi alitusimulia mchana, akiponda udongo. Watu walimwambia ni mwiko, hadithi ni za jioni, ukisimulia mchana ng'ombe watapotea. Cucu akawajibu, "Mimi nina mbuzi."

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Nimeisikia ikisimuliwa vibaya na watu waliosoma, kwa hivyo naiandika vile ilivyo.

Kulikuwa na wasichana wawili, mtu na mdogo wake. Hawakuwa na baba wala mama. Walikuwa na nyumba moja na ngozi moja ya kulalia. Mkubwa alikuwa na mikono ya ajabu. Akifinyanga shingo ya mtungi, ungedhani ni shingo ya msichana ameitwa akageuka. Lakini moto ulimkataa. Kila akichoma, pu! Pu! Vipande. Watu wakamcheka mpaka akaenda shimoni akalia, na machozi yalipoingia kwenye udongo, udongo ukamjibu.

Mle ndani kulikuwa na zimwi lisilo na ngozi. Ngozi yake ndiyo ule udongo watu wamekuwa wakichimba miaka yote. Kila chungu katika kila nyumba ni kipande cha mgongo wake. "Mmenichuna," likasema, "na sasa nasikia baridi. Niletee kitu ulicho nacho kimoja tu, nijifunike nacho, na vyungu vyako havitapasuka tena."

Msichana akapeleka ngozi ya kulalia. Zimwi likacheka. "Hiyo utatengeneza nyingine." Akapeleka ushanga wa marehemu mama yake. "Huo utanunua mwingine." Akarudi nyumbani, akasimama mlangoni, akamwona mdogo wake ameketi akipepeta mtama, anaimba.

Kesho yake wakaenda kuchimba. Mdogo akatambaa ndani. Mkubwa akamshika miguu.

Hapo Cucu huacha kuponda. Anatuangalia mmoja mmoja, mimi na dada.

"Halafu akaachilia," anasema.

Tangu siku hiyo vyungu vya yule msichana havikupasuka hata kimoja. Watu walitoka mbali na mbuzi wao kuja kununua. Vilikuwa vyekundu, laini, na ukivigonga kwa ukucha vinalia. Wanunuzi walisikia ting. Yeye peke yake alisikia maneno: "Dada, nasikia baridi." Akipita nyumba ya mtu, mwiko ukigusa chungu, anasikia. Mwanamke akiteka maji mtoni, mtungi ukigonga jiwe, anasikia. Akaziba masikio kwa nta ya nyuki, bado. Ndipo siku moja akaacha kazi katikati, akaingia shimoni yeye mwenyewe, mabega yakikwaruzwa hadi damu, akatambaa mpaka akamfikia mdogo wake, akajipenyeza nyuma yake, akamsukuma nje. Yeye akabaki. Zimwi sasa lina nguo nzuri ya kujifunika, yenye mikono hodari ndani yake.

Na yule mdogo? Alitoka akiwa amepakaa udongo kama sanamu, akaenda nyumbani akaanza kufinyanga.

"Na vyungu vyake vilipasuka, Cucu?" niliuliza.

"Vingine. Vya nani havipasuki? Shika mchi, uponde."

Basi wewe fikiria, mtoto amelishwa hadithi hiyo tangu aache kunyonya, halafu anaambiwa lala kifudifudi, ingia, dada yako atakushika miguu. Watoto wa jirani waliniimbia njiani, "Leo ni wewe! Leo ni wewe!" Lakini mimi nilimwamini dada. Yeye alinipita kwa miaka kama sita. Hakwenda shule, kwa sababu shule ilipofika kwetu yeye alikuwa tayari ana kazi. Mimi ndiye niliyepelekwa. Tulilala kitanda kimoja cha fito, nami nilikuwa nalala nimeshika upindo wa nguo yake, la sivyo sipati usingizi. Alikuwa na maneno makali na mkono mwepesi wa kukuzaba kofi, na hakuna mtu niliyempenda hivyo tena, na nimeolewa.

Sasa shangazi yetu, dada ya baba, alikuwa ameolewa Muthara, huko Tigania. Akajifungua mapacha. Akatuma neno: mtama ukishavunwa nitakuja kuchukua msichana mmoja anisaidie kubeba watoto. Leo Muthara ni mbio za asubuhi tu. Wakati huo kwetu ilikuwa kama nchi ya watu wengine: ni baridi, watu wanatafuna miraa, wanaongea Kimeru chao ambacho ukikisikiliza unaelewa nusu. Msichana akienda, ameenda.

Cucu akakata shauri. Mimi nina shule, siguswi. Dada atapimwa kwa udongo. Atachoma mara tatu, kila mara vyungu vitatu. Akipitisha vitatu vyote motoni salama, hata mara moja tu, atapewa jiwe la Cucu, lile dogo jeusi la kusugulia vyungu, alilopewa na mama yake, na atabaki nyumbani kuwa mfinyanzi. Shangazi atatafuta msichana kwingine. Akishindwa, ataenda Muthara.

Nikaanza kuhesabu vyungu kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa.

Chungu chetu huanzia mdomoni, labda nikueleze, maana watu huja kwangu wakidhani tunaanza chini. Tunafinyanga mdomo na mabega kwanza, tunaacha vikauke kidogo kivulini, halafu tunageuza na kufunga tako mwisho. Dada alikuwa anafanya hayo yote vizuri kuliko mtu yeyote. Vyungu vyake vikiwa vibichi ulikuwa ukivitazama unamkumbuka yule msichana wa hadithi. Kisha vinapangwa juu ya kuni, vinafunikwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, moto unawashwa.

Mara ya kwanza vyote vitatu vililipuka. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, "Huko mnapika bunduki leo?"

Mara ya pili vikapasuka viwili, na cha tatu kikatoka na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

"Uliweka mchanga?" Cucu akauliza. Bila mchanga ndani yake, udongo mtupu hauvumilii moto.

"Niliweka, Cucu."

Cucu alichukua kigae, akakitia mdomoni, akakiuma, akatema, akaenda zake.

Imebaki mara moja. Usiku sikufikiri, nalala vizuri mimi; nilifikiri njiani nikienda shule. Nikaona ni wazi kabisa. Zimwi linasikia baridi. Linataka kitu cha kujifunika, na kiwe kitu ambacho mtu anacho kimoja tu. Nikajikagua. Nilikuwa na nini ambacho ni kimoja tu, na kinafunika?

Nilikuwa nimekivaa.

Yunifomu yangu ilikuwa ya buluu, kola nyeupe, imeshonwa na fundi wa pale Ishiara sokoni. Mama alimwambia aache nafasi ya kukua, na fundi akaacha nafasi ambayo ningeweza kuolewa nayo. Ilikuwa na vifungo vinne. Ilikuwa ndiyo nguo ya kwanza iliyoshonwa kwa sababu yangu. Nyingine zote zilinifikia baada ya mwili wa dada kuzichoka.

Jumamosi tulipoenda kuchimba, niliikunja nikaizungusha tumboni ndani ya nguo ya nyumbani. Dada akanitazama. "Umeshiba nini leo?"

"Ndengu."

Nikatambaa. Nikafika mwisho kabisa, nikaitoa, nikaisukuma ndani ya ufa, nikaifunika kwa udongo. Nikasema, "Jifunike. Ni mpya. Usimchukue dada."

Sauti ikatoka nje, "Unaongea na nani huko?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini? Udongo? Jaza karai utoke!"

Kuna jambo lingine nililifanya juma hilo, na sikuliona kuwa ni jambo. Vigae vya vyungu vilivyopasuka vilikuwa vimelundikwa nyuma ya nyumba, na yule jirani mwenye mdomo alikuwa akipita anavitazama anacheka peke yake. Sikupenda. Dada alipoenda kuteka maji, nilivitia kwenye kinu nikaviponda kwa hasira mpaka vikawa unga, na ili usionekane, nikaumwaga wote kwenye udongo wa dada uliolowekwa, nikaukanyaga kwa miguu mpaka ukapotea. Nikanawa. Dada aliporudi hakujua.

Siku ya kuchoma mara ya tatu nilikaa na vidole masikioni. Moto ukashika, nyasi zikawa majivu, kuni zikawa makaa. Kimya. Nikatoa kidole kimoja. Kimya. Jirani naye alikuwa amesimama uani kwake anangoja bunduki, akachoka akaingia ndani. Cucu akavitoa kwa mti mrefu, kimoja, cha pili, cha tatu, vyekundu kama jua la jioni. Akavinyunyizia uji mwepesi vikiwa moto, vikafanya shiii. Vikapoa. Akagonga kwa ukucha.

Ting.

Nilisikiliza sana. Sikusikia mtu yeyote akisema anasikia baridi. Nikaruka juu, nikacheza, nikamwimbia jirani wimbo ambao siwezi kuuandika hapa. Dada alikuwa amekaa chini, analia. Nikamkumbatia shingo. Nilijua ni furaha.

Jumatatu nikaenda shule na nguo ya nyumbani. Mwalimu akaniambia rudi, uje na yunifomu. Nikarudi. Mama akauliza iko wapi, nikasema imechukuliwa na mto, nikasahau kwamba ilikuwa kiangazi na mto haukuwa na maji ya kubeba hata leso. Akanichapa kwa mwiko, mwiko ukavunjika, akanichapa tena kwa sababu ya kuvunja mwiko. Nguo nyingine haingepatikana mpaka mavuno yanayofuata. Na hivyo ndivyo nilivyoacha shule nikiwa darasa la tatu. Watu wengine wana sababu zao. Yangu ni zimwi.

Jumatano shangazi akafika, na mkungu wa ndizi, na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, anahema. Akaonyeshwa vile vyungu vitatu. Akavisifu. Halafu macho yake yakanifikia pale nilipokuwa nimekaa mlangoni katikati ya siku ya shule.

"Na huyu? Haendi shule?"

"Amepoteza nguo," mama akasema.

"Basi anakaa tu hivi?" Shangazi akacheka, mwanamke mwema, hakuwa na ubaya wowote. "Si mnipe huyu! Mkubwa mumuache na udongo wake. Huyu ndiye nitakayeenda naye."

Hakuna aliyesema hapana. Ilikuwa sawa kabisa, hata mimi niliona ni sawa. Nililipa zimwi ili dada asiende. Sikufikiri kwamba watu wawili wanaweza kutenganishwa kwa kumwondoa yeyote kati yao.

Dada akaniambia, "Twende tukachimbe." Hakukuwa na haja ya kuchimba.

Tulipofika korongoni alikaa juu ya jiwe, akaniambia bila kunitazama, "Sikuweka mchanga."

"Lini?"

"Mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu. Hata chembe. Sijui vile vya mwisho vilifanyaje. Mimi sitaki udongo, wewe. Nimezaliwa kwenye udongo, nimekula udongo, kucha zangu hazijawahi kuwa safi. Nataka kwenda Muthara. Nataka kuona Meru mjini nikipita. Nataka kuvaa sweta." Hapo akaanza kulia tena. "Maisha yangu yote sijasikia baridi hata siku moja!"

Ndipo nikamwambia kuhusu yunifomu. Alinitazama kwanza kama mtu anayetazama mbuzi akiongea. Kisha akacheka mpaka akateleza kwenye jiwe. Kisha akanizaba kofi. Kisha akasema, "Upande gani?"

"Mwisho kabisa, kushoto."

"Ingia uitoe. Ukiipata unarudi shule, na mimi naongea na Cucu. Ingia!"

Nikalala kifudifudi. Akanishika miguu. Nikatambaa hadi mwisho, nikachimba ule ufa kwa kijembe, halafu kwa vidole. Hakuna kitu. Nikachimba zaidi. Kulikuwa na giza na harufu ya mvua ya zamani. Na hapo nikasikia mkono mmoja wa dada umeachilia mguu wangu.

Nilikumbuka Cucu akiacha kuponda. Nilikumbuka kwamba dada anataka kwenda Muthara, na aliyesimama njiani ni mimi.

"Dada!"

"Nini?"

"Umeachilia!"

"Nilikuwa najikuna! Siafu hawa, wamejaa hapa! Umeipata?"

Kabla sijajibu, kitu kilisema chwaa juu ya kichwa changu. Mchanga ukaja shingoni, masikioni, mdomoni. Sikuona tena wala sikusikia. Nilichojua ni vifundo vya miguu tu. Vilibanwa kama na meno, na nikavutwa, tumbo likisugua, kidevu kikigonga mawe, kwa nguvu ambayo dada hakuwa nayo. Nikatokea nje kama kuku anavyovutwa chini ya ghala. Nyuma yangu mwisho wote wa shimo ulikaa chini, pole pole, ukafunga.

Kovu la kidevu ninalo hadi leo. Dada alikuwa amekaa ameniweka mapajani, ananitoa mchanga mdomoni kwa kidole, huku akinitukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Tukarudi hivyo hivyo, damu na udongo. Dada akaenda moja kwa moja kwa Cucu, mbele ya shangazi na mama, akasema yote. Kwamba hakuweka mchanga. Kwamba anataka kwenda.

"Najua," Cucu akasema. "Nilikiuma kigae. Nilikuwa nangoja nione utanidanganya mpaka lini." Akainuka, akaenda kwenye kile chungu cha tatu, akavunja kipande cha mdomo wake, kile chungu kizuri, pap! Akakitafuna. "Lakini hiki kina kigae ndani, badala ya mchanga. Kimepondwa hadi kikawa unga. Nani aliponda?"

Nikainua mkono kama shuleni.

"Nani alikufundisha kuchanganya vigae?"

"Hakuna, Cucu. Nilikuwa navificha."

Cucu alicheka, na Cucu hakuwa mtu wa kucheka. Akaingia ndani, akatoka na lile jiwe jeusi. Akalishika kiganjani akaninyooshea. "Unalitaka?"

Nataka mnielewe hapa. Nikilichukua, nabaki mimi na dada anaenda. Nikilikataa, naenda mimi na dada anabaki na kitu asichokipenda mpaka afe. Njia ya kukaa wote wawili haikuwepo, na nilikuwa nimeilipia. Nilimtazama dada. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa sweta aliyovaa shangazi, anaupapasa tu, kama mtu anayepima nguo dukani ambayo hawezi kuinunua.

"Nalitaka," nikasema. "Lakini nani atanishika miguu?"

Shangazi akasema kuna wasichana wengi kijijini.

"Siwataki. Hao watajikuna."

Dada akacheka, na kamasi zinamtoka. "Kila kiangazi," akasema. "Kila kiangazi nitakuja nikushike. Shangazi, nipe ruhusa hiyo au siendi."

Akapewa. Akaenda. Usiku ule kitanda cha fito kilikuwa kipana kama soko, na nikalala nimeshika jiwe.

Kiangazi kilichofuata alirudi amevaa sweta nyekundu. Jua la Ishiara lile mnalolijua, la kukausha mate mdomoni, na yeye ndani ya sweta ya sufu amefunga mpaka shingoni, anatiririka jasho.

"Vua," nikamwambia.

"Wacha wivu," akasema.

Alinishika miguu akiwa nayo. Aliniletea na mimi moja, ya kijani, na tukawavika mbuzi wa Cucu kwa zamu, mpaka Cucu akaona.

Kila kiangazi amekuja. Alipoolewa alikuja. Alipozaa alikuja, mtoto akalala kwenye karai. Mumewe alimuuliza ni kazi gani hiyo ya kusafiri siku nzima kwenda kushika mtu miguu, akamwambia, "Na wewe ukitaka kushikwa, sema." Siku hizi anauza majani ya migomba pale Kangeta, huko huko Meru, yale ya kufungia miraa isikauke, na ana kibanda chake, na sweta nyingi. Mimi nina banda langu kando ya barabara, na nyumba ya mawe niliyoijenga kwa mikono hii, na vyungu vyangu viko kwenye hoteli ambazo mimi mwenyewe sijaingia. Kuandika sawasawa nilijifunza ukubwani, kwa ngumbaru, nikikaa na wazee wenzangu kwenye madawati ya watoto. Vijana wa chuo kikuu huja na simu zao kuniuliza siri ya udongo. Nawaambia shika kinu, uponde. Wengi hawarudi siku ya pili.

Ile yunifomu sijawahi kuiona. Nimechimba upande ule miaka mingi sana, nimelifungua shimo hadi mtu mzima anaweza kuingia amechuchumaa, nimefika mwisho wa kushoto nikapita. Nguo ingeoza, sawa. Lakini vifungo vinne vya bati? Hata kimoja? Sisemi kitu. Nasema tu kwamba vyungu vyangu huwa havipasuki sana.

Kiangazi kilichopita tulienda tena. Kwa ukweli hatuhitaji. Shimo ni pana, nina wasichana wa kunifanyia kazi, na dada amenenepa hata kushuka korongoni alishuka kwa makalio, akilaumu kila jiwe. Lakini nililala kifudifudi mlangoni pale, nikaingiza kichwa na mabega, nikaanza kukwangua. Yeye akaketi kwenye kigoda nyuma yangu.

"Umeshika?" nikauliza.

"Nimeshika."

"Kwa mikono miwili?"

Nikasikia anavuta pumzi, na kitambaa cha sweta kikisugua.

"Mmoja," akasema. "Mwingine najikuna."